Viatu vya Nuru na Mkeka wa Mbwera

Siku ya kwanza ya kazi nilikwenda na mkasi wangu mwenyewe, nimeufunga kwenye kipande cha kanga na kuutia ndani ya mkoba. Fundi wa kuazima mkasi mimi simwiti fundi. Nilikuwa nimeshashona nguo Kibiti kwa miaka kumi na moja, kwenye baraza ya duka la vitambaa si mbali na stendi, na nilikuwa nimevalisha maharusi wa vijiji vyote vya barabarani. Sasa kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam kilikuwa kinatafuta mtunza mavazi wa kipindi cha mauzo. Ni kile kipindi ambacho mtangazaji anasimama nyuma ya meza, anakuonyesha sufuria au pasi, na namba ya simu ya kuagizia inapita chini ya kioo.

Msimamizi wa Kipindi, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alinipa gauni kabla hajanipa kiti.

"Hili ni kubwa kwa mtangazaji, na zimebaki dakika ishirini. Utafanya nini?"

"Nitapunguza mishono ya ubavuni."

"Huna muda huo."

"Basi nitalibana kwa nyuma na pini."

"Umeshajua nusu ya kazi," akasema, akaenda zake.

Ile nusu nyingine nilijifunza mwenyewe, na naisimulia kwa kuwa mabinti wa siku hizi wanaouza nguo kwa simu wanadhani mambo haya yalianza na wao. Kamera haioni kama jicho. Mistari midogo midogo kwenye shati inacheza kwenye kioo mpaka mtazamaji anaona kizunguzungu. Nyeupe tupu inaungua, maana yake mwanga unaimeza na uso wa mtu unaonekana mweusi usio na macho. Kipaza sauti cha kifuani ni kidogo kama punje ya hindi, lakini kina waya, na waya una kisanduku cha betri, na kisanduku kile kikitundikwa kwenye kitambaa chepesi kinavuta shingo ya gauni kwa nyuma. Mimi ndiye niliyeanza kushona kijifuko kwa ndani, mgongoni, cha kuingizia kisanduku. Mpaka nastaafu kila gauni la kituo kile lilikuwa na kifuko hicho, na walikiita mfuko wa Bi Somoe. Nasema bila haya kwamba najivunia.

Jambo moja zaidi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyonipata. Mtangazaji wa mauzo kwa kawaida anapigwa picha ya kiunoni, yaani kamera inamwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini ya meza ni siri yetu. Nimevalisha mtu koti la harusi kwa juu na kandambili kwa chini, na nchi nzima ikamsifia. Kwa hiyo viatu mimi sikuvihesabu kuwa ni vazi. Kwangu viatu vilikuwa kifaa cha kumwinua mtu mfupi alingane na meza.

Halafu yalikuwepo maoni. Watazamaji walipiga simu, walituma ujumbe, wengine walikuja mpaka getini. Na usidhani walikuwa wanaulizia bidhaa tu. Waliandika kuhusu nguo. Bwana mmoja wa Ikwiriri alituma: "Mwambieni dada wa sufuria afunge kichwa, nywele zitaingia kwenye mchuzi." Mwingine: "Kaka anayeuza pasi mbona shati lake limekunjamana?" Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Mama mmoja wa Nyamisati aliuliza kama chandarua siku hizi kinafungwa na watu waliovaa vya harusini.

Kila Jumanne maoni yalisomwa kwenye kikao. Meneja Masoko, kijana aliyenukia manukato tangu mlangoni, alikuwa na msemo wake mmoja, "watazamaji wanasema". Watazamaji wanasema gauni liwe fupi. Wiki ijayo watazamaji wanasema gauni liwe refu. Mimi nilikuwa namuuliza, "Watazamaji gani, baba?" Maana nilishayagawa maoni mafungu mawili. Kuna mtu anayetaka kununua sufuria, na kuna mtu anayetaka kumtazama dada. Yule wa pili huwezi kumridhisha. Umfunike dada, atalalamika, umfunue, atalalamika zaidi, na jicho hatoi.

Kutoka kwa yule wa kwanza nilipata kanuni yangu, na niliibandika kwa karatasi kwenye mlango wa chumba cha mavazi. Iliandikwa hivi: mtangazaji avae kama mtu anayekitumia kile anachokiuza, siku ambayo ana mgeni. Siku ambayo ana mgeni, si siku ya kwenda harusini wala siku ya kufua. Mkuu wa Vipindi, mzee wa heshima aliyekuwa juu yetu sote, alipita akaisoma, akasema, "Bi Somoe, hii ingefaa hata kwa mawaziri." Nilitembea na maneno hayo mwezi mzima.

Nuru alikuja mwaka wa tisa wa kazi yangu. Binti wa Singida, mfupi, mwenye sauti ya kumfanya mtu anunue hata asichokihitaji. Alikuwa anamsomesha mdogo wake wa pekee, wazazi wote walikuwa wameshatangulia mbele za haki, na mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Alikuwa ananiuliza kila kitu. Bi Somoe, ushungi huu umekaa? Bi Somoe, hereni hizi si nyingi? Wengine walikuwa wananiona mama wa pini tu. Yeye alinifanya mwalimu, nami nikampenda.

Sasa kituo kikaamua kufanya wiki ya bidhaa za mikoani. Nilikuwa wa kwanza kusimama kikaoni. Nikasema sisi watu wa Rufiji tuna mikeka ambayo huwezi kuipata kwingine, na Mama Mkubwa wangu, Bi Hadija wa Mbwera, dada yake marehemu mama, ana kikundi cha wanawake wanaoisuka. Mcheza kwao hutunzwa. Nikapewa kazi, nikaenda mpaka Mbwera kwa boti, nikawaambia wale kina mama: mikeka yenu itaonekana nchi nzima. Walinitazama kama mtu aliyewaletea barua kutoka Ikulu.

Mkeka kwa asiyejua ni kazi ya miezi. Ukindu, yaani majani ya mkindu, unakatwa, unachanwa, unachemshwa na rangi, unasukwa kuwa ukanda mrefu unaoitwa shupatu, kisha mashupatu yanashonwa pamoja moja baada ya jingine. Kwetu mtoto anazaliwa hapo, chakula kinaandikwa hapo, watu wanasali hapo, na siku ya mwisho mtu analazwa hapo. Hakuna mtoto wa Mbwera anayefundishwa kutokanyaga mkeka na viatu. Hajafundishwa kwa sababu hajawahi kuona mtu akifanya.

Siku ya kipindi Nuru nilimpamba hasa. Gauni la kitenge la mikono mirefu, ushungi wa rangi ya ukindu uliokolea, hereni moja kila sikio. Meza ilikuwa ya juu, kwa hiyo nikampa viatu vyekundu vya kisigino kirefu. Dakika tano kabla ya kuanza, mwongozaji akabadili mpango. Mkeka usiwekwe mezani, utandikwe chini, Nuru atoke nyuma ya meza atembee juu yake ili kamera ionyeshe ukubwa.

Nuru akasimama ukingoni mwa mkeka, akanigeukia.

"Bi Somoe, viatu nivue?"

Nami, mjukuu wa wasuka mikeka, nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake nahangaika na pini iliyofyatuka. Nikamjibu bila kuinua macho.

"Usivue, ukirudi nyuma ya meza utapotea."

Akapanda. Kipindi kizima nilitazama kola yake. Kola ilikaa vizuri sana.

Maoni yalianza kabla hata taa hazijazimwa. Kibiti, Nyamisati, Mbwera, Kiongoroni, hata watu wa Mafia. "Huyo dada amelelewa wapi?" "Anatuuzia mkeka au anatukanyaga?" "Tumezima televisheni." Hawakusema fupi wala refu. Nilisoma ule wa kwanza nikaelewa papo hapo, nikakaa juu ya kasha la nguo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, kwa sababu hawa hawakuwa watazama-watu. Hawa walikuwa wenye mali, na ni mimi niliyewaita.

Jumanne kwenye kikao Meneja Masoko hakuwa na haja ya kutia chumvi.

"Watazamaji wanasema huyu binti hajui kuvaa. Mkataba wake unaisha mwezi huu. Tusiuongeze."

Nuru alikuwa amekaa karibu na mlango. Alinitazama mara moja, akatazama chini. Hakusema, "Niliuliza." Na mimi, Somoe, mwenye mdomo wa kumuuliza meneja watazamaji gani, nilinyamaza. Niliogopa. Nilikuwa na jina zuri la miaka tisa na sikutaka kulimwaga mbele ya watu. Naliandika hili ili vijana wajue kwamba mtu anaweza kuwa hodari wa kazi na siku hiyo hiyo akawa mwoga.

Mkuu wa Vipindi akafikiri, kisha akasema, "Bi Somoe, wale ni watu wako. Nenda ukawasikilize. Ijumaa uniletee neno lao. Wakisema binti aondoke, ataondoka."

Nikauchukua ule mkeka nikaondoka nao. Nililala Kibiti, asubuhi nikateremka Nyamisati, na boti ikanifikisha Mbwera maji yakiwa yameanza kupwa, tukamalizia kwa kukanyaga tope. Njiani nilikuwa nimejitungia hotuba nzuri kuhusu mwongozaji aliyebadili mpango.

Mama Mkubwa nilimkuta uani anachana ukindu.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Karibu, umetuletea mkeka wetu?"

Aliutandika, akapitisha kiganja chake juu yake taratibu, shupatu kwa shupatu, mpaka kidole kikasimama. Kisigino kilikuwa kimetoboa. Palikuwa na tundu la kuingia punje ya mtama.

"Tulivaa nguo za Idi," akasema. "Wanawake ishirini, tumejaa nyumbani kwa mwenye sola, kila mtu kavaa nguo yake ya Idi, tukatazame mikeka yetu. Tukasema tukionekana na sisi tuonekane vizuri, kama vile wao watatuona." Akacheka kidogo, cheko la kujihurumia. "Yule binti akapanda na viatu. Kina mama wakaanza kuinuka. Mmoja mmoja wakaondoka."

Nilitaka kuanza hotuba yangu, lakini akaniwahi.

"Huyo binti ni wa wapi?" akaniuliza.

"Singida."

"Basi labda hajui. Ila aliyemvalisha je? Naye wa Singida?"

Nikasema, "Ni mimi, Mama Mkubwa. Aliniuliza avue, nikamwambia asivue."

Alirudia kuchana ukindu wake. Kisha akasema, "Kumbe tumemtukana mtoto wa watu bure."

"Ndiyo."

"Na wewe ulipowaambia wakubwa zako, walisemaje?"

"Sijawaambia."

Hapo ndipo aliponitazama. Hakunipigia kelele, angenipigia ningepona haraka. Alisema, "Kosa mmelifanya mbele za watu, mkalifute mbele za watu. Na alifute aliyelifanya. Mikeka tutaleta tena. Lakini kwanza binti asafishwe."

Alichukua sindano akaliziba lile tundu kwa ukindu mpya usiotiwa rangi, mweupe, ili lionekane. Akanirudishia mkeka ule ule.

Alhamisi mchana nilikuwa mbele ya Mkuu wa Vipindi, na Meneja Masoko alikuwepo. Nilisema yote kwa kusimama.

"Kwa nini hukusema Jumanne?" Meneja akauliza, na kwa mara ya kwanza swali lake lilikuwa la haki.

"Niliogopa."

Mkuu wa Vipindi akavua miwani. "Bi Somoe, unajua naweza kukufukuza?"

"Najua, mzee. Ila ukifukuza, unifukuze mimi. Yule aliuliza. Katika jengo hili lote ni yeye peke yake aliyeuliza."

Akairudisha miwani, akauliza watu wa Mbwera wanataka nini. Nikamwambia. Akasema, "Basi kesho utaingia kwenye kamera."

Miaka tisa nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera, na usiombe upande wa pili. Mwanga ni mkali, na huoni mtu, unaona kioo cheusi tu. Mkeka ulitandikwa. Nuru alisimama ukingoni, kwa kusudi, na vile viatu vyekundu. Nikatoka pembeni, nikapiga magoti mbele yake kama nilivyozoea, nikamvua kimoja, nikamvua cha pili, nikaviweka kando. Kisha nikageukia kile kioo.

"Mimi ndiye mvalishaji. Binti huyu aliniuliza kama avue viatu, nikamkataza, na mimi nimezaliwa Mbwera. Kina mama, mtuwie radhi. Mumlaumu Somoe, msimlaumu Nuru."

Mkono wa Nuru ukashuka begani kwangu. Hilo halikuwa kwenye mpango. Kisha akapanda mkekani, miguu mitupu, akaanza kuuza, na sauti yake ilitetemeka sentensi mbili tu.

Mikeka iliisha wiki ile, na kina mama wa Mbwera wakaagizwa mingine. Mkataba wa Nuru uliongezwa. Mimi niliandikiwa barua ya onyo, ninayo mpaka leo, na nilistahili. Meneja Masoko alisoma maoni Jumanne iliyofuata kwa sauti ya furaha kupita kiasi. La kwanza lilitoka Kibiti: "Tumesamehe. Lakini huyo bibi aliyepiga magoti pindo la gauni lake limefumuka." Nikainama nikatazama. Kweli lilikuwa limefumuka, na uzi unaning'inia. Kinyozi hajinyoi. Walicheka wote, na Nuru alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikacheka.

Tangu siku ile daftari langu la mavazi, ambamo kila vazi la kila siku liliandikwa, lilipata safu mpya ya viatu. Nilifanya kazi miaka kumi na miwili zaidi. Nilivalisha watu wa majiko, wa magodoro, wa mashine za kusaga, na sikuvalisha mtu tena bila kuuliza kwanza kitu kile kinatumika wapi, na huko kinakotumika watu wanavaaje, mpaka chini. Wasaidizi wangu waliniona msumbufu. Wawili kati yao sasa ni wakuu wa mavazi kwenye vituo vingine, na usumbufu wameuchukua.

Nimestaafu, niko Kibiti, cherehani yangu iko dirishani. Mabinti wanakuja na simu zao, wanauza madera na vyombo kwa kujirekodi moja kwa moja, na maoni yanawamiminikia pale pale, tena ya ukali kuliko ya kwetu. Wananiuliza, "Bibi, wananiambia nivae hivi, wengine nivae vile, nimsikilize nani?" Nawaambia wamtafute anayetaka kununua. Huyo akikusema nguo yako, kaa kitako umsikilize, hata akikuumiza. Na ukikosea, usimwache mwenzio abebe.

Nuru sasa ndiye Msimamizi wa Kipindi, kwenye kiti kile kile cha yule mama mrefu. Mdogo wake amemaliza chuo. Kila Idi, ingawa si sikukuu yake, anakuja kunisalimia. Sebuleni kwangu umetandikwa mkeka ule wenye kiraka cheupe. Mama Mkubwa aliniachia kabla hajafariki. Nuru anafika mlangoni, anasimama ukingoni mwa mkeka na viatu vyake vya mjini, mizigo mkononi, na kila mwaka ananiuliza swali lile lile, uso mkavu kabisa.

"Bi Somoe, viatu nivue?"

Nami kila mwaka naacha ninachokifanya, nainua macho, namtazama kuanzia kichwani mpaka unyayo.

"Vua, mwanangu," namwambia. "Vua uingie."